Maharage Yanayoiva Upesi

Mama alipohamia kwetu Pasua, mjini, baada ya kile kiharusi cha kwanza, mdomo wake ulikuwa umevutika kidogo upande wa kushoto, kiasi kwamba mgeni angedhani anazuia kicheko. Sisi tuliomjua tulifahamu kuwa hakuwa akizuia chochote. Daktari aliyemruhusu kutoka hospitali alinivuta kando, kwenye kibaraza chenye harufu ya dawa ya kusafishia sakafu, akaniambia maneno machache ambayo nimeyabeba tangu siku hiyo. Presha ikibaki pale ilipo, alisema, kiharusi cha pili kitakuja, na cha pili huwa hakina adabu kama cha kwanza. Akataja dawa za kila siku, akataja kutembea asubuhi, kisha akataja chumvi.

"Iondoke," alisema. "Sisemi ipungue. Iondoke."

Sikuhitaji kuelezwa cha pili kilivyo. Baba yangu alikutwa nacho kihambani, kwenye shamba letu la nyumbani Kirua Vunjo, katikati ya migomba na kahawa, akiwa bado ameshika tawi alilokuwa akilipogoa. Waliomkuta walisimulia kwamba iliwalazimu kuvifungua vidole vyake kimoja kimoja ili kulitoa tawi lile. Kwa hiyo nilipokuwa nikimsaidia mama kupanda gari siku ile, nikiushika mkono wake wa kushoto ambao wenyewe haukunishika, nilijua ninachobeba na ninachoweza kukipoteza.

Jiko la nyumbani kwetu ni langu. Mke wangu anauza vitenge sokoni na hurudi magharibi, miguu ikiwa imevimba. Mimi ninafundisha historia katika shule ya sekondari, na hufika nyumbani jua lingali juu. Jiko letu la gesi lina mafiga mawili, moja lilikufa zamani, na hatukuwahi kulifufua. Hali hiyo ndiyo iliyonifanya kuwa mpishi wa kikaango kimoja: kikaango kipana cha chuma, kizito, chenye mfuniko, ambacho chakula chote cha jioni huingia humo kwa zamu na kutoka kwa pamoja. Watu wengi hudhani mapishi ya namna hiyo ni ya uvivu. Mimi huyaona kama insha: kila kitu lazima kiingie mahali pake, na kinachotangulia kiandae njia ya kinachofuata.

Baada ya agizo la daktari, niliyaandika upya mapishi yetu yote kichwani. Maharage niliyoyaloweka asubuhi kabla ya kwenda shule yaliingia kwanza, pamoja na maji. Yakishalainika, zilifuata ndizi mshare zilizomenywa na kukatwa vipande vinene, kisha kitunguu, karoti, nyanya mbili tatu, na tangawizi iliyopondwa ili kuuficha upungufu wa ladha. Mwisho kabisa, mboga ya mnafu iliyokatwa vizuri, ikafunikwa kwa muda mfupi tu. Siku nyingine viazi vilichukua nafasi ya ndizi, na kunde nafasi ya maharage. Mafuta yalikuwa kijiko kimoja. Chumvi haikuwepo kabisa ndani ya nyumba. Mke wangu aliitoa mwenyewe, akaipeleka kibandani kwake sokoni kwa ajili ya mayai ya kuchemsha anayokula mchana.

Na chakula kiliiva upesi. Jambo hilo lilinipa fahari kubwa. Watoto walikuwa na kazi za shule, mama alitakiwa kula mapema kabla ya dawa, na gesi haikuwa kitu cha kuchezea. Niliwahi kumwambia mke wangu kwamba kama kungekuwa na shahada ya kupika ndizi na maharage kabla ya taarifa ya habari, ningeipata kwa daraja la kwanza.

Mama hakuvutiwa na shahada hiyo. Alikaa kwenye kiti karibu na mlango wa jikoni, blanketi mapajani, akinitazama kama mkaguzi.

"Mwanaume anakoroga sufuria, mke yuko sokoni," alisema jioni moja. "Baba yako angeona hivi angerudi kaburini kwa miguu yake."

"Hiki ni kikaango, mama."

"Hata kingekuwa kofia. Chakula chenyewe kimekufa. Ulikiua kabla hakijaingia humo."

"Daktari kasema."

"Daktari anakula nini kwake? Nenda kamwulize mkewe."

Hata hivyo alikula. Kitu kimoja alikisifu bila kulazimishwa, nacho ni ulaini. Ufizi wake wa kushoto haukuwa tena na uhakika wa kutafuna, na maharage yangu yaliyeyuka mdomoni. Mnafu nao ulibaki na rangi ya kijani kibichi, kana kwamba umechumwa dakika ile. "Hapo umesoma," alikubali. "Aika, mbe." Hiyo ndiyo shukrani ya kwetu mlimani, na kwa mama haikutolewa ovyo.

Ulaini huo ulitoka kwake mwenyewe. Siku alipohamia, katika mfuko wa vitu vyake alikuwa ameweka mawe kadhaa ya magadi, ya kijivu, ya ukubwa wa ngumi, kama ambayo kila nyumba ya mlimani huwa nayo pembeni mwa jiko. Bila magadi hakuna kiburu, ule mseto wetu wa ndizi na maharage, kinachoitwa kiburu. Ndizi na maharage hukataa kuoana. Nilivunja kipande, nikakiloweka ndani ya kikombe, nikaacha mchanga utuame, kisha nikamimina kikaangoni yale maji ya juu yaliyotulia. Nilifanya hivyo kila jioni kwa mkono mwepesi, kama mtu anavyowasha taa, bila hata kujiona nikifanya.

Kila Jumapili baada ya misa nilimpima presha kwa mashine tuliyonunua. Nilikuwa nimejiandaa kuona namba ikishuka. Jumapili ya kwanza haikushuka, nikasema ni uchovu wa kuhama. Zilizofuata ilipanda kidogo, ikarudi, ikapanda zaidi. Watoto walijifunza kuusoma uso wangu kabla hawajaisoma mashine. Tulirudi kwa daktari, naye akaongeza dawa, akauliza anakula nini.

"Chakula cha nyumbani," nilijibu. "Maharage, ndizi, mboga za majani. Chumvi hatuna hata punje."

Alinitazama kwa muda kabla ya kuandika. Sikuipenda namna alivyonitazama. Alinitazama kama mwalimu anavyomtazama mzazi ambaye mtoto wake anatoroka shule.

Ndipo nilipoanza kumshuku mama. Ninalisema hili kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: hofu ilipokosa pa kukaa ndani yangu, ilihamia kwa watu. Niliwahoji watoto kama bibi huwatuma dukani. Nilimwuliza mke wangu kama humletea karanga za sokoni.

"Karanga?" alisema, mkono kiunoni. "Yaani nimwue mama mkwe kwa karanga? Ningetaka kumwua ningekuachia wewe umpikie."

Alitania, nami nilicheka. Nimekikumbuka kicheko hicho mara nyingi.

Asubuhi moja, mama akiwa uani akiota jua, niliingia chumbani kwake na kuufungua mkoba wake. Nilikuta rozari, kitambaa, vidonge vyake, na kopo dogo la ugoro ambalo sikujua kuwa bado analo. Niliposikia ndala zake mlangoni nilikuwa bado nimepiga magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kusali?" Aliegemea fremu ya mlango. "Chumvi haiko hapo. Angalia chini ya mto. Angalia na kwenye nywele."

"Mama, presha inapanda. Kuna kitu unakula."

"Nakula unachonipa." Hakukasirika, na hilo lilinitisha kuliko hasira. "Nakula unachonipa wewe, basi. Kama kuna kitu kinaniua, kiko mezani kwako."

Alisema hivyo kama mtu anayetaja hali ya hewa, kisha akanitaka nimrudishie ugoro wake.

Siku chache baadaye, tukiwa mezani, kijiko kilimtoka mkono wa kushoto, aliokuwa akiuzoeza kula upya. Hakikuanguka kwa kishindo. Kiliteleza tu, kikalala juu ya meza. Mama aliendelea kuupeleka mkono mdomoni, mtupu, na midomo ikafunguka kuupokea. Ilichukua muda kabla hajagundua. Binti yangu mdogo alikiokota kijiko, akakifuta, akamwekea bibi mkononi, na sote tukaendelea kula kwa bidii, kama watu waliokubaliana. Nje, mvua za masika zilikuwa zimeshusha wingu hadi chini. Kwa siku kadhaa mlima haukuonekana kabisa, na mji ulionekana umeegemea ukuta usiokuwepo.

Jioni iliyobadili mambo haikuwa na dalili yoyote. Maharage yalikuwa yameanza kuchemka. Mama alikuwa kwenye kiti chake, simu sikioni, akizungumza Kichagga kwa sauti ya juu na jirani yake wa mlimani aliyekuwa akimtunzia ng'ombe zizini. Mama alikuwa na wivu na ng'ombe huyo. Kila siku alipiga simu kuulizia majani, maji, na maziwa.

"Yamepungua? Mbona yapungue?" alifoka. "Unampa magadi? Siku ngapi sasa hajapewa? Wewe mama, umelaaniwa? Ng'ombe asipopata chumvi atakupa maziwa ya wapi? Mwekee jiwe alambe! Si ndiyo chumvi yake?"

Mimi nilikuwa nimesimama mbele ya jiko, kikombe cha maji ya magadi kimeinama juu ya kikaango, na tone la kwanza limening'inia ukingoni.

Nilikirudisha kikombe mezani kwa uangalifu, kama kitu kinachoweza kulipuka. Kisha nilitoka uani na kumpigia mwalimu mwenzangu anayefundisha kemia.

"Magadi," nilimwuliza. "Yana chumvi?"

"Mwalimu wa historia," alisema, nami nilisikia akitafuna, "kwani ulidhani ni sukari? Hiyo ni sodiamu tupu. Ile ile ambayo daktari anaikataza kwenye chumvi, imevaa koti jingine. Kwa nini? Unafungua mgahawa?"

"Mama ana presha."

Kutafuna kulikoma. "Mnamwekea?"

"Kila siku."

Akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Acha leo, kaka. Usisubiri kesho."

Nilimwaga maji ya kikombe kile kwenye mtaro. Maharage yalichemka. Nikaongeza maji, yakachemka tena. Mke wangu alirudi, akavua viatu, akauliza kama gesi imeisha. Watoto walimaliza kazi za shule, wakaja mmoja mmoja kuinua mfuniko na kuurudisha kwa masikitiko. Saa ya chakula ilipita, na saa ya dawa ya mama ikapita, na maharage yalibaki vile vile, kila moja limejifungia ndani ya ganda lake. Mwishowe nilitia ndizi na mboga hivyo hivyo, nikaipua. Mnafu ulikuwa umegeuka rangi ya kaki.

"Baba, haya maharage yanapigana," mwanangu mkubwa alisema.

"Leo ametupikia rozari," mama alisema, akilizungusha moja mdomoni. "Tutasali mpaka saa ngapi? Umeyafanyaje?"

"Sijayatia magadi."

"Kwa nini?"

Nilieleza. Nilijitahidi kutumia maneno mepesi, na nilisema "sisi" kila mahali ambapo ningeweza kusema "mimi." Mke wangu alikuwa wa kwanza kupinga.

"Lakini magadi si chumvi," alisema. "Magadi ni magadi. Nani anaita magadi chumvi?"

"Ndivyo tulivyodhani wote."

"Mimi kwa ng'ombe nilijua," mama alisema.

Tulimgeukia. Alikuwa ameweka kijiko chini, na macho yake yalikuwa kwenye sahani, kwenye ule mnafu wenye rangi ya kaki. Nilidhani anawaza kuhusu afya yake. Niliandaa maneno ya kumtia moyo: kwamba sasa tumeijua sababu, kwamba presha itashuka, kwamba hatujachelewa.

"Baba yako naye waliniambia chumvi iondoke," alisema taratibu. "Yule daktari wa misheni. Niliiondoa. Sikuificha, nilimpa jirani mkebe mzima, isije ikanishawishi. Akawa hali. Anasukuma sahani, anasema kimekufa, kimekufa. Mwanaume mzima anakonda mbele yangu. Basi nikawa namzidishia magadi, kiwe laini, kishuke. Na kikawa kinashuka. Alipenda."



"Alipenda sana," alirudia. Kisha akaniangalia, na ule upande wa mdomo uliovutika ukamfanya aonekane anatabasamu. "Wewe ndiye uliyesoma. Niambie."

"Sijui, mama."

"Unajua. Unanionea huruma."

"Kweli sijui. Alikuwa na umri, alikuwa akibeba mizigo, alikuwa na hasira. Mambo mengi."

"Mm," alisema. Akachukua kijiko kwa mkono wa kulia, akaupuuza wa kushoto, na akaendelea kula. Alitafuna kwa upande mmoja, polepole, harage moja baada ya jingine, na sauti ya kutafuna kwake ndiyo iliyobaki chumbani. Alimaliza sahani yote.

Tangu jioni ile nilibadili utaratibu. Maharage hulowekwa usiku kucha na maji yake hubadilishwa asubuhi. Siku nyingine hununua mabichi ambayo bado yako kwenye maganda, au huyaacha na kupika viazi, mayai na mboga katika kikaango kile kile. Ndimu hufanya kazi ambayo tangawizi ilishindwa. Yale mawe ya kijivu niliyafunga kwenye gazeti na kuyapeleka mlimani kwa ng'ombe. Vyote hivi ni vyepesi kufanya, na ninavieleza kwa sababu kuna nyumba nyingi kwetu ambazo chumvi imefukuzwa kwa sherehe huku jiwe la magadi limekaa pembeni mwa jiko kama mzee wa familia, na hakuna anayelishuku.

Lakini mama alinyamaza. Hakunikejeli tena kuhusu sufuria, wala hakusema chakula kimekufa. Alikula kila nilichoweka mbele yake na kunishukuru kwa Kiswahili cha wageni: "Asante, nimeshiba." Simu za ng'ombe zilipungua. Niligundua kuwa nilikuwa nikizingoja dhihaka zake kama mtu anayengoja kusikia pampu ikianza kufanya kazi, na jioni zilizopita bila dhihaka zilinijaza woga ambao sikuweza kumweleza mke wangu.

Jumapili iliyofuata alisema amechoka, tusipime. Jumapili nyingine alisema mashine inambana. Nilipomsihi, aliuficha mkono ndani ya khanga kama mtoto anayeogopa sindano. Nilidhani anaogopa kuambiwa kuwa imepanda. Nilimweleza kwamba hata kama imepanda tutarudi kwa daktari, dawa zipo, njia zipo. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Najua," alisema. "Hilo siliogopi."

Sikuelewa, au sikutaka kuelewa. Nilianza kumpima kwa macho tu: anavyoshika kikombe, anavyofunga kitufe cha sweta, kama mate yanamtoka pembeni mwa mdomo. Kila alipochelewa kutoka chumbani asubuhi nilisimama kwenye korido, nimeshika chaki za shule, nikisubiri kusikia ndala.

Kisha, Jumapili moja baada ya mvua kukatika, alikuja mwenyewe mezani tulipokuwa tukinywa chai. Alivuta kiti, akakunja mkono wa gauni lake la kanisani, na akaulaza mkono wa kulia mezani, kiganja juu.

"Haya," alisema. "Pima."

Nilimfunga kile kitambaa. Mashine ilinguruma, kitambaa kikavimba, kikaanza kuachia pumzi kidogo kidogo. Watoto walikuwa wamesimama nyuma yangu. Namba zilipotulia nilizisoma, nikazisoma tena, kwa kuwa zilikuwa chini kuliko zote tulizowahi kuziona tangu aje kwetu.

"Imeshuka!" binti yangu mdogo alipiga makofi. "Bibi, imeshuka!"

Mke wangu alisema, "Ashukuriwe Mungu," akaketi kwa uzito. Mimi nilikuwa tayari kucheka, hadi nilipomtazama mama. Alikuwa ameisogeza mashine karibu, akiikodolea macho ile namba kama mtu anayesoma jina lake mahali ambapo hakutarajia kulikuta.

"Kwa hiyo ni kweli," alisema. "Hata kwa baba yako."

Mtoto aliendelea kupiga makofi. Nilifungua kitambaa mkononi mwake, na mkono ukabaki pale pale mezani, kiganja juu, na hakuna kati yetu aliyethubutu kumwambia kwamba tumeshamaliza.